Bibi wa Kugeuza Viatu

Ukiingia kanisani kwetu, tazama chini kabla hujatafuta kiti. Karibu na mlango sakafu ina mashimo. Si makubwa, ncha ya kidole tu ndiyo inayoingia. Yameanza kizingitini yakaenda mpaka katikati, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Vijana wanasema ni mchwa. Mmoja aliniambia ni tetemeko la ardhi, akaniapia. Mchwa hali chokaa, na ardhi haikutetemeka. Waliotoboa sakafu ile nawajua, na waliowaacha watoboe nawajua zaidi. Majina siandiki, maana wengine wamelala makaburini na wengine wana wajukuu ambao nawapenda. Lakini kazi zao nitazitaja, na mtu wa Mombasa akisoma atajua ni nani na nani.

Mimi shule nilisoma hadi kitabu cha pili. Cha tatu nilikifungua, nikaona picha ya simba, kesho yake nikatiwa katika kazi ya kufua nguo. Kwa hiyo anayetaka maneno mazuri asinilaumu.

Kabla ya kanisa hili yalikuwako mawili. La kwetu lilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya mawe, katika kichochoro kinachotoka Ndia Kuu kuteremkia pwani. Juu yetu alikaa mwenye nyumba, Mwarabu mtu mzima, muungwana kabisa. Hakutuuliza tunaimba nini. Alituomba tu tusiimbe wakati wa adhana, nasi hatukuimba. Sisi tulikuwa watu wa kukombolewa. Wengine walitolewa katika majahazi ya watumwa wakiwa watoto, kama mimi. Wengine walitoroka mashambani kwa mabwana zao. Tulilelewa ng'ambo ya Kisauni kwa watu wa misheni, kisha tukavuka kisiwani kutafuta kazi. Tulikuwa wafuaji, wapishi, wachota maji, waashi.

Viti hatukuwa navyo. Tulitandika majamvi tukakaa chini, wanaume huku, wanawake huku, na viatu tukavivua mlangoni. Tuliishi na watu wa mji, na katika Mji wa Kale hakuna nyumba ya maana ambayo mtu huingia na viatu vyake akakanyaga jamvi la wenyewe. Sasa nyumba ya Mungu tuishushe chini ya nyumba ya mshona kofia?

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulisema kwa sauti. Mtumwa havai viatu. Wengi wetu tulikua miguu mitupu, na aliyethubutu kupita mbele ya bwana wake na makubadhi alijua atakachopata. Sasa makubadhi tunayo. Ukiyavua pale mlangoni, kila apitaye kichochoroni anayaona, anajua ndani mna watu wenye viatu. Mimi yangu ya kwanza niliyavua taratibu sana, nipate kutazamwa.

Aliyevipokea viatu hivyo ni bibi yangu. Nasema bibi yangu, lakini hakumzaa mama yangu wala baba yangu. Siku tulipopangwa mstari kule Kisauni, watoto tulioteremshwa, yeye alikuwa mtu mzima anayetwanga mahindi ya misheni. Alipita, akanishika mkono, akamwambia msimamizi, "Huyu wangu. Nilipotelewa na mmoja kama huyu." Basi nikawa wake.

Kazi yake kanisani ilikuwa hiyo moja. Alikaa juu ya kigoda pale mlangoni. Ukifika anapokea viatu vyako, anavipangusa kwa kitambaa, anaviweka. Sisi tukiwa katika sala, yeye anavigeuza vyote vielekee nje, kwa mpango wa namna tulivyokaa, hata ukitoka unatia mguu tu unakwenda zako, huhangaiki kuinama na kutafuta. Alijua viatu vya kila mtu. Na alisoma ndani yake mambo ambayo sisi hatukuyaona.

"Makubadhi ya mumeo yanalika upande mmoja," aliniambia. "Mgongo unamuuma huyo, hasemi. Mkande."

Nikamwuliza mume wangu, ikawa kweli.

Kusoma hakujua. Mtihani wa ubatizo alianguka mara tatu, maana kila alipoulizwa amri za Mungu ni ngapi alijibu, "Za kutosha." Mwisho walimbatiza kwa kumwonea huruma. Hakuwa mwimbaji, hakuwa mzee wa kanisa, hakufundisha mtu. Alikuwa na mlango ule.

Alijifunzia wapi? Aliniambia siku moja akipara samaki, bila kuinua uso. Alikuwa mjakazi katika nyumba moja ya Malindi, na kazi yake ilikuwa kukaa katika daka, pale ukumbini mwa mlango, kugeuza viatu vya wageni wa bwana. Miaka mingi.

Kanisa la pili lilikuwa upande wa Kilindini, ukielekea Mbaraki, banda la mabati lililojengwa na watu wa reli. Hao walikuja na reli au walikuja kwa ajili yake: Wataita, Wanyasa, watu wa bara wa kila namna, na wengine kutoka Uganda. Walikaa juu ya viti virefu vya mbao za makasha, nao walivaa mabuti. Mabuti ya reli, yenye misumari chini, yaliyopakwa dawa mpaka yanang'aa. Jumapili ukiwasikia wanakuja ungedhani ni askari. Sisi tuliwaita Watu wa Mabati, wao walituita Watu wa Majamvi, na kila upande uliona umetukana vya kutosha.

Mwenye nyumba wetu alipofariki, wanawe walitaka chumba chao wafungue duka. Hawakutufukuza kwa ubaya, walitupa muda. Na banda la mabati nalo, mvua ikinyesha mahubiri hayasikiki, jua likiwaka watu wanazimia. Padre alikuwa mmoja, Mzungu mwenye haraka, mwenye homa, akikimbia kati ya makanisa mawili kila Jumapili. Akasema basi, mtakuwa kanisa moja, kiwanja kimepatikana, mjenge.

Tukaitwa mkutano katika banda lao. Ndiyo mara ya kwanza kukaa pamoja. Bibi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akitafutatafuta kwa macho viatu ambavyo hakuna aliyevivua.

Mpishi mmoja wa kwetu akainuka. "Mimi nauliza jambo dogo. Nyumba ya Mungu tutaingiaje na matope ya Kilindini?"

Fundi mmoja wa injini akamjibu pale pale alipokaa. "Nyinyi mmebakisha udhu tu."

"Nanyi mmebakisha kupiga filimbi kabla ya Amina!"

Watu wakacheka pande zote mbili, hata padre akacheka alipoelezwa. Ungedhani mambo yatakwenda vizuri. Ndipo akasimama karani wa stesheni.

Huyu ndiye wa kwanza katika hesabu yangu. Alikuwa mzee wa kanisa la mabati, ingawa umri wake haukufika arobaini. Mrefu, koti jeupe, sauti ya kusomea watu barua zao. Nilimchukia miaka mingi, kwa hiyo nataka niandike sawasawa aliyoyasema.

"Ndugu zangu," alisema, "sikatai usafi. Lakini nilipita kanisani kwenu siku moja, nikaona mama mtu mzima, mwenye mvi, ameinama anashika viatu vya watu. Yule ni mama yetu sote. Tulikombolewa ili mama zetu washike viatu? Hiyo ni kazi ya utumwa, na katika kanisa jipya haitakuwako. Kila mtu ataingia na viatu vyake, atakaa juu ya kiti, kama mtu huru."

Wakapiga makofi. Na wa kwetu pia walipiga, wengi tu, wale ambao bibi aliwapangusia vumbi miaka kumi. Hao ni wa pili. Padre akaandika katika karatasi yake: viti, viatu. Hakuna aliyegeuka kumwuliza mwenyewe, naye yuko pale nyuma, hatua chache. Padre ni wa tatu.

Tulirudi kwa miguu, mimi na bibi. Tulipofika karibu na sokoni akasema, "Yule kijana ana huruma."

"Huruma gani, bibi? Amekuondolea kazi yako."

"Ana huruma. Ila hakuniuliza." Akaenda hatua kidogo. "Kule Malindi nilishika viatu vya watu ambao hawakujua kama nina jina. Hapa nashika vya wanangu. Yeye anaona mkono tu, hakuona kiatu ni cha nani."

Nikamwambia, "Kazi yako haitakwenda popote. Mimi nitasema."

"Utasema?"

"Nitasema, bibi."

Hiyo ilikuwa ahadi. Naiandika hapa mapema ili mtu ajue nilipoivunja.

Nyumba ikajengwa. Kuta za mawe ya pwani, paa la mabati yao ya zamani, milango ya mbao zetu. Sakafu walipewa watu wa kwetu, maana mume wangu alikuwa mwashi, na sakafu ya chokaa ni kazi ya waashi wa mji huu tangu zamani. Unachanganya chokaa na kokoto, unamwaga, kisha unapiga. Kupiga ndiyo kazi. Wanakaa watu safu nzima, kila mmoja na kipande chake cha mti cha kupigia, wanapiga kwa wimbo, polepole, wanarudi nyuma, wanaanza tena, siku baada ya siku, mpaka sakafu ibane iwe kama jiwe. Tena miguu mitupu, hakuna mjadala, maana kiatu kinaacha alama.

Walikuja wanawake wa pande zote mbili. Siku ya kwanza wa kwetu wakakaa upande wa mashariki na wimbo wetu, wao magharibi na wimbo wao. Wimbo wetu unakwenda taratibu, wa kwao unaruka. Mume wangu akasikiliza kidogo, akashika kichwa.

"Mama zangu, simameni! Nyumba moja mnaipiga kama mbili. Mkifika katikati hapa sakafu itapasuka kama chapati."

"Basi waambie waimbe wetu," wakasema wa kwetu.

"Waambie waamke kwanza!" akasema mke wa mshika bendera wa reli, Mtaita mnene, mcheshi. "Wimbo gani huo, wa kumlaza mtoto?"

Bibi alikuwa nje mlangoni na kigoda chake. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amekwisha kuvipanga viatu vya wanawake wote, wa kwetu na wa kwao, maana siku ile wote walivua. Akaingia, akachukua kipande, akakaa katikati ya safu mbili zile za nyimbo, akapiga. Hakuimba. Alipiga tu, si kwa haraka yao wala kwa uzito wetu, kama mtu anayebisha hodi na hana shaka atafunguliwa. Akapiga peke yake kitambo. Yule Mtaita akajiunga kwa mzaha, kisha mzaha ukamtoka. Kabla ya adhuhuri tulikuwa mkono mmoja, na wimbo ukatungwa pale pale, sasa hivi hakuna anayekumbuka ni nani aliyetoa maneno.

"Bibi," alisema Mtaita, jasho linamtiririka, "wewe ungekuwa mnyapara, reli ingefika Uganda kwa wiki moja."

"Nisingeipeleka Uganda," bibi alisema. "Ningeigeuza irudi."

Nimeishi miaka mingi, na nimekaa katika mikutano mingi ya kutangaza umoja. Umoja niliouona mimi ulikuwa siku zile, wanawake wamechutama safu moja, nyayo nje, nyeusi zote, nyufa zote. Wengine wa kule bara nyayo zao zilikuwa zimeharibika sana. Niliona, sikufikiri.

Kazi ilipokwisha mume wangu alitandika magunia juu, akayalowanisha kila asubuhi. Chokaa ikauke polepole, alisema, mwezi mzima na zaidi. Mguu mtupu waweza kupita. Kitu kigumu, hapana.

Siku ya tisa ikaja habari kwamba mkubwa wa misheni anapita kwa meli, naye atafungua kanisa Jumapili ile. Mume wangu akamwendea pale kanisani yule karani, ambaye ndiye aliyeshika mambo ya sherehe. Nilimfuata na chakula chake, kwa hiyo niliyasikia.

"Bwana karani, sakafu bado mbichi."

"Fundi, mbona imekauka?" Karani akagonga kwa kisigino pembeni, kidogo. Haikuonyesha kitu.

"Juu imekauka. Ndani bado. Watu wakiingia na misumari ile..."

"Fundi. Meli haimngoji mtu. Wewe umemaliza kazi yako na umeifanya vizuri. Mambo ya siku tuachie sisi tunaojua kusoma kalenda."

Hakusema kwa dharau, alisema kama mtu mwenye shughuli nyingi. Lakini mume wangu hakujua kusoma, na karani alijua hajui. Alirudi nyumbani. Alikula, akanawa, akasema, "Nitakwenda kwa padre."

Nami nikasema, "Usiende."

Hili naliandika leo kwa mara ya kwanza. Nilimwambia mume wangu, "Nyamaza. Waache waingie na mabuti yao. Wakijionea kwa macho yao wanavyoitoboa, wenyewe watavua, na bibi atarudi mlangoni." Niliona nimepata akili. Nilimwahidi bibi nitasema. Nikaona heri misumari iseme kwa niaba yangu. Mume wangu akanitazama sana. Alikuwa ameumizwa, na mtu aliyeumizwa hahitaji kusukumwa mara mbili. Akanyamaza. Yeye ni wa nne, na mimi ni wa tano, na kama kuna wa kwanza wa kweli, basi huenda ni mimi.

Jumapili ile bibi alivaa leso mpya. Alichukua kigoda chake chini ya kwapa. Nilimwona, sikumzuia. Tulipofika, watu wamejaa nje. Akaweka kigoda kando ya mlango, akavua makubadhi yake akayaweka ya kwanza, yamegeuka nje, akakaa, akanyosha mikono.

Watu wa kwetu walisimama hawajui la kufanya. Mpishi aliinama kuvua, akatazama kulia na kushoto, akainuka tena na viatu vyake. Ndipo karani akaja. Alipomwona, uso wake ulibadilika kabisa, nusura alie. Alichutama mbele yake, koti jeupe likagusa vumbi.

"Bibi," alisema, "hapa hakuna mjakazi. Hapa wewe ni mama. Inuka."

Akamshika mkono akamwingiza ndani, akampeleka mpaka kiti cha mbele kabisa, akamkalisha. Wote wakatazama wakaona ni jambo zuri. Wengine walifuta machozi. Kiti kilikuwa kirefu na bibi alikuwa mfupi. Miguu yake haikufika chini. Ikaning'inia mitupu mbele ya mkubwa wa misheni na mbele ya watu wote, nyayo zile zilizotembeshwa utumwani kutoka Nyasa, naye akajaribu kuificha kwa leso na leso haikufika.

Kisha wakaingia wenye mabuti. Waliokwisha kukaa waliweza kusikia, waliokuwa wakiingia hawakusikia. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayetafuna mkate mkavu. Bibi akageuza kichwa. Akasikiliza. Yeye aliipiga sakafu ile kwa mkono wake siku zote, alijua inavyolia. Akateremka kitini, akawaendea mpaka katikati, akapiga magoti, akapitisha kiganja chini, kisha akasema kwa sauti ambayo sikupata kumsikia nayo:

"Vueni, wanangu! Bado mbichi! Mnaiumiza!"

Akatandua leso yake ya juu akaitandika njiani. Buti likaja juu ya leso. Akalishika buti lile kwa mikono miwili, mguu wa mtu umo ndani, akajaribu kulivua. Watu wakaanza kunong'ona. Mkubwa wa misheni akauliza kitu. Karani akasema kwa upole, "Bibi amechoka, joto," akawaashiria wanawake wawili, nao wakamwinua, mmoja huku mmoja huku, wakamtoa nje.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alisema kweli, naye alitolewa. Mume wangu alikaa upande wa wanaume na macho kwenye kofia yake. Mimi nilikuwa na ulimi mzima. Nilisubiri wavue. Hawakuvua. Waliimba, na kwa kuimba wakapiga miguu.

Nilimkuta nyumbani anapara samaki, hana leso ya juu. Hakuinua uso.

"Mumeo alijua?"

"Alijua."

"Nawe?"

Nikainama kuokota magamba ya samaki.

"Basi," alisema, akaendelea na samaki.

Hakunigombeza. Hakusema tena neno juu ya jambo lile, wala hakukanyaga tena kanisani. Jumapili ilipofika alifagia uwanja.

Mashimo yalionekana siku ya pili, walipoondoa vumbi. Mume wangu alijaribu kuyaziba. Chokaa mpya haikushikana na ya zamani, ikabanduka. Akaziba tena, ikabanduka tena. Mara ya tatu alikaa katikati ya kanisa na ndoo yake, akamwambia karani aliyekuwa amesimama pale, "Nilijua, bwana karani. Nilikwambia mara moja, ningekwambia mara kumi. Bibi hakuchoka. Bibi alikuwa sawa."

Jioni ile ile, jua lingali juu, tukasikia hodi. Karani alikuwa mlangoni kwetu peke yake. Nyumba yetu ilikuwa na jamvi kama nyumba nyingine zote za mjini. Alisimama kizingitini akalitazama lile jamvi kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mtu kutazama jamvi.

"Karibu," bibi alisema.

"Nitasema hapa hapa, bibi."

"Mgeni hasemei mlangoni. Karibu."

Akainama, akafungua kamba. Alichelewa sana. Alipotoa mguu wa kwanza nikageuza uso, kisha nikatazama tena, Mungu anisamehe. Vidole havikuwako, isipokuwa kimoja na nusu ya kingine. Mguu wa pili ulikuwa hivyo hivyo, umeliwa na funza. Alituambia baadaye kwamba alikuwa mpagazi wa misafara tangu ujana wake, wakati funza walipoingia nchini, na usiku wa kambini hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwatoa. Katika banda la mabati nusu ya wanaume walikuwa na miguu namna ile. Mabuti yalikuwa ndiyo yanayowafanya watu. Ndipo nilipokumbuka zile nyayo nilizoziona wakati wa kupiga sakafu.

Bibi hakusema pole. Alinyosha mkono, akapokea mabuti, akayapangusa kwa kitambaa, akayageuza yakaelekea nje. Kisha akampa kiti cha chini, akae.

"Nimekuja kukuomba urudi," alisema karani. "Nilidhani nakuheshimu."

"Uliniheshimu, mwanangu. Ulinipandisha juu sana, miguu ikakosa pa kukanyaga."

"Utarudi?"

"Nikiwa na kazi."

"Nitasema na wazee. Mwisho wa mwezi tuna kikao."

"Haya," alisema bibi. Na alipoondoka, akatia miguu yake katika mabuti bila kutafuta, nilimwona amesimama kichochoroni kidogo kama mtu aliyesahau kitu.

Masika yalianza wiki ile. Bibi alishikwa na homa siku ya tatu ya mvua, na ya tano akafa, mkono wake katika mkono wangu. Kikao kilikuwa hakijakaa. Kilipokaa walikubali, bila hata kubishana, na padre akaandika katika karatasi yake. Nililetewa habari kana kwamba ni zawadi. Nilimjibu mleta habari maneno ambayo mfuasi wa kanisa hasemi.

Tangu hapo mengi yamepita. Mume wangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya juzi, hakurudi, wala sijui amezikwa wapi. Mpishi amekufa, wachota maji wamekufa au wamehama. Wa majamvi nimebaki mimi.

Lakini nataka kumaliza na Jumapili moja, ile iliyofuata mazishi ya bibi. Kigoda chake kilikuwa pale nyumbani, kila nikipita kinanigonga mguu. Nikakichukua, sijui nikitupe au nini, miguu ikanipeleka nacho kanisani. Nikakiweka kando ya mlango nikakaa. Sikunyosha mikono. Watu walipita na viatu vyao, wengine wakanisalimu kwa aibu. Karani akaja na koti lake jeupe. Akasimama mbele yangu. Nilidhani ataniinua, na nilikuwa nimekwisha kuandaa tusi.

Aliinama akafungua kamba. Pale, mchana, mbele ya watu wake wote ambao alikuwa amewasimamia kichwa juu miaka yote ile. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili. Mshika bendera akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, acha," naye hakuacha. Akaniachia mabuti, akaingia ndani polepole juu ya mashimo, kwa kuyumba, kama mtu anayetembea juu ya mawe ya pwani. Mtaita mnene akavua akamfuata. Kisha mpishi. Kisha wawili, watatu. Si wote. Hata leo si wote, na padre husali na viatu vyake.

Mabuti ya karani yakabaki mkononi mwangu, mazito, ya moto. Nilikuwa sijamsamehe. Niliyaweka chini makusudi vibaya, ncha zikielekea ndani, ili akitoka ahangaike, ainame, watu wamwone vizuri. Nikakaa. Ndani walianza kuimba ule wimbo wa kupigia sakafu, sijui ni nani aliyeuanzisha. Nikasikiliza mpaka ubeti wa pili. Kisha nikashuka kigodani, nikayapangusa kwa leso yangu, nikayageuza.